Mlinzi wa Jeni: Kufundisha Jinsi Bakteria Wanavyotawala Unukuzi

Mwalimu anapoeleza kuganda kwa maziwa, huwaambia wanafunzi kwamba bakteria hula sukari iliyomo katika maziwa na kutoa asidi. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini mtoto mdadisi hataishia hapo. Atauliza bakteria hujuaje kwamba yumo ndani ya maziwa. Mwalimu asiyejiandaa hujibu kwamba bakteria "hutambua" chakula chake, na darasa huridhika, kumbe hakuna lililoelezwa. Bakteria hana ubongo wala macho. Katika makala hii twakusudia kumpa mwalimu mwanachuo jibu lenyewe, pamoja na njia ya kuliigiza darasani.

Tutamtumia Escherichia coli, bakteria akaaye katika utumbo wa binadamu, kwa kuwa amechunguzwa sana. Bakteria wa maziwa mgando ni wa jamii nyingine. Bakteria huyu ana jeni zaidi ya 4,000. Kila jeni ni agizo lililoandikwa katika DNA, na nyingi ni maagizo ya kutengeneza protini. Kabla ya protini kutengenezwa, agizo hunukuliwa kwanza kuwa nakala ya RNA. Tendo hilo ndilo unukuzi. Kunukuu kila jeni wakati wote kungekuwa hasara kubwa ya nguvu na malighafi. Ndiyo maana, pasipo sukari ya maziwa, yaani laktosi, bakteria mmoja huwa na molekuli chache mno za kimeng'enya cha kuivunja. Laktosi ikiwapo, na chakula kingine hakuna, molekuli hizo hufikia maelfu.

Mfaransa Jacques Monod alilikuta jambo hili mjini Paris mwaka 1940. Aliwalisha bakteria mchanganyiko wa sukari mbili. Walikua upesi, wakasimama kitambo, kisha wakaendelea kukua. Walikuwa wamemaliza sukari ya kwanza, na ule muda wa kusimama ulikuwa wa kutengeneza vimeng'enya vya sukari ya pili. Mwaka 1961 yeye na François Jacob, katika Taasisi ya Pasteur, walitoa maelezo yaliyowapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965 pamoja na André Lwoff.

Maelezo yenyewe ni haya. Jeni tatu zimepangwa mfululizo katika DNA: ya kimeng'enya kinachovunja laktosi, ya protini inayoiingiza laktosi ndani ya seli, na ya tatu ambayo si ya lazima kwa ulaji wa laktosi. Zote hunukuliwa pamoja. Karibu na mwanzo wake pana mahali ambapo protini nyingine, tuiite mlinzi, hung'ang'ania na kumzuia mnukuzi asifanye kazi. Laktosi kidogo ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa sukari iliyo ndugu yake, nayo humshika mlinzi. Umbo la mlinzi hubadilika, hawezi tena kuishika DNA, huachia. Mnukuzi hupita. Laktosi ikiisha, mlinzi hurudi mahali pake. Na kwa kuwa nakala za RNA hudumu dakika chache tu, utengenezaji hukoma upesi.

Yafaa mwalimu aone wazi kwamba laktosi haikuamuru lolote; iliondoa kizuizi tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, na maneno peke yake hayatoshi. Tunapendekeza igizo. Andika sentensi fupi kwenye karatasi ndefu na kuilaza juu ya dawati. Mtoto mmoja, mlinzi, anyoshe mikono yake miwili juu ya maneno ya kwanza. Wa pili, mnukuzi, ana daftari na kalamu. Sharti lake ni kuanza kunakili kutoka neno la kwanza, la sivyo asiandike. Wa tatu alete kikapu na kumpakatisha mlinzi. Ili kukishika, mlinzi hulazimika kukunja mikono, na maneno huonekana. Kikapu kikiondolewa, mikono hurudi. Tumechagua kikapu makusudi badala ya kumwambia mlinzi "ondoka", kwa sababu neno hilo lingerudisha amri tunayotaka kuiepuka.

Igizo likishazoeleka, liharibiwe. Mwondoe mlinzi kabisa, uwaulize wanafunzi kabla ya kuwaonyesha: kutatokea nini? Mnukuzi ataandika mfululizo, kikapu kiwepo kisiwepo. Bakteria wa namna hiyo wapo, nao ni wale ambao jeni ya mlinzi wao imeharibika. Kisha mrudishe mlinzi, lakini funika mwanzo wa karatasi kwa kipande cha mbao kilichoinuliwa kidogo, mikono isiyafikie maneno ilhali mnukuzi huyaona. Matokeo ni yale yale, ingawa chanzo ni kingine. Watayatofautishaje? Weka karatasi mbili, moja nzima na moja yenye mbao. Mlinzi mmoja aliye mzima aweza kutoka alipo akailinde karatasi yoyote iliyo nzima. Bali kasoro ya mahali pa kushikia huiathiri karatasi ile tu iliyo nayo.

Kwa hoja za namna hii Jacob na Monod walimgundua mlinzi bila ya kumwona. Katika jaribio lao na Arthur Pardee, lililochapishwa mwaka 1959, jeni nzima ya kimeng'enya na ya mlinzi ziliingizwa katika bakteria walioharibika zote mbili. Kimeng'enya kilianza kutengenezwa pasipo laktosi, na baada ya saa moja na zaidi kikakoma, kwani mlinzi alikuwa amekwisha tengenezwa vya kutosha. Protini yenyewe ilitengwa mwaka 1966 na Walter Gilbert na Benno Müller-Hill.

Habari ya glukosi tungeiachia darasa la juu. Itoshe kujua kwamba glukosi ikiwapo, laktosi huzuiwa kuingia, na protini nyingine inayomsaidia mnukuzi kuanza kazi haifanyi kazi yake barabara; kwa hiyo glukosi huliwa kwanza.

Mwanafunzi makini atakutega kwa swali moja: ikiwa protini ya kuingiza laktosi nayo imezuiwa, laktosi ya kwanza iliingiaje? Usiliahirishe swali hilo. Mlinzi hakushikilia daima. Mara moja moja huachia kwa bahati, mnukuzi akapenya, na protini chache zikatengenezwa hata pasipo laktosi. Katika igizo, mruhusu mlinzi apige chafya.