Kwa Nini Hesabu ya Watu Nyumbani Ni Muhimu kwa Matibabu ya Hospitalini

Wakazi wa maeneo yanayozunguka mji wa Kilifi wamezoea kupigiwa hodi na maafisa wa nyanjani wa mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust. Kila wanapokuja, maswali ni yale yale: Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani amehamia hapa na nani amehama? Baadhi ya familia huuliza mbona hesabu hii haiishi, na wao wanafaidika vipi nayo. Makala haya yanaeleza majibu hayo hupelekwa wapi, kompyuta huyafanyia kazi gani, na kwa nini jina moja lililoandikwa vibaya linaweza kuharibu kazi kubwa.

Hesabu ya hospitali peke yake haitoshi

Tuchukue mfano wa kufundishia. Hospitali fulani ililaza watoto 40 wenye nimonia mwaka mmoja, na mwaka uliofuata ikalaza 30. Je, nimonia imepungua? Mtu angejibu ndiyo haraka. Lakini ikiwa eneo hilo lilikuwa na watoto 20,000 mwaka wa kwanza, kisha ukame ukazihamisha familia nyingi na watoto wakabaki 15,000, hali haijabadilika hata kidogo. Katika miaka yote miwili, watoto 2 kati ya kila 1,000 walilazwa.

Daktari aliye wodini huwaona waliofika kwake tu. Hawezi kujua wangapi wamebaki nyumbani wakiwa wazima. Idadi hiyo hupatikana kwa kwenda nyumba hadi nyumba, na huchakaa upesi kwa kuwa watu huzaliwa, hufa na kuhama kila siku. Ndiyo maana maafisa hurudi mara kadhaa kwa mwaka.

Jinsi sajili ya Kilifi inavyofanya kazi

Sajili hii ilianzishwa mwaka 2000. Inahusu eneo la kilomita za mraba 891, ambako hutoka wagonjwa wengi wanaolazwa katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa na wakazi wapatao 260,000, kila mmoja akiwa na namba yake.

Mgonjwa anayetoka eneo hilo akilazwa, karani hulitafuta jina lake katika kompyuta. Akipatikana, rekodi ya kulazwa kwake huunganishwa na rekodi yake ya nyumbani. Kwa njia hii wataalamu hujua ugonjwa umetokea katika kijiji kipi, kwa watu wa umri gani, na kati ya watu wangapi. Kazi hii ilikuwa ngumu mno kufanywa kwa madaftari. Kompyuta huilinganisha orodha ya maelfu ya watu kwa muda mfupi.

Chanjo iliyothibitishwa hapa Kilifi

Januari 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya kuzuia bakteria aina ya numokoka, wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ilikuwa imefanyiwa majaribio, lakini swali la wazazi na la serikali lilikuwa moja: je, itawalinda watoto wa hapa, katika maisha yao ya kawaida?

Jibu lilipatikana Kilifi. Watafiti walilinganisha miaka ya kabla ya chanjo na miaka ya baadaye, wakitumia vipimo vya damu vya hospitali pamoja na sajili ya wakazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maambukizi makali ya aina za numokoka zilizolengwa na chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kulikuwa na jambo jingine. Maambukizi hayo yalipungua hata kwa watu ambao hawakuchanjwa, wakiwemo watoto wa chini ya miezi 2. Waliochanjwa hawakuwa wakisambaza bakteria hao kama zamani. Bila sajili, isingewezekana kusema kwa uhakika kwamba jirani amekingwa na chanjo ya mtoto wa nyumba ya pili.

Majina yanayofanana

Kompyuta haijui kweli na uongo. Hulinganisha kile ilichoandikiwa. Katika jamii ambayo watoto hurithi majina ya babu na nyanya, akina Kadzo Karisa ni wengi, na baadhi yao wanaishi kijiji kimoja. Mtoto huyo huyo anaweza kuitwa Kadzo nyumbani na Mercy kliniki. Mzazi akitoa jina moja kwa afisa wa nyanjani na jingine hospitalini, kompyuta itaona watoto wawili: mmoja asiyeugua kamwe, na mwingine asiye na kwao.

Kosa kama hilo likirudiwa mara nyingi, chanjo nzuri itaonekana dhaifu, au kijiji chenye ugonjwa kitaonekana salama.

Kanuni hii inahusu pia kazi ya kila siku ya afya nje ya utafiti. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, ambao husajili familia na kuweka rekodi kwa simu. Taarifa wanazokusanya zina manufaa zikiwa sahihi.

Haki za mkazi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mkazi ana haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwaje, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Anayeamini kwamba taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kushiriki katika utafiti ni kwa hiari. Mtu anaweza kuuliza maswali, kukubali au kukataa, na kukataa kwake hakupaswi kumnyima matibabu.

Mambo ya kuzingatia

1. Tumia majina yale yale nyumbani, kliniki na hospitalini, kama yalivyo katika cheti cha kuzaliwa au kitambulisho. Ikiwa mtoto ana jina jingine, litaje pia.

2. Beba kijitabu cha mama na mtoto kila unapokwenda kliniki, ili tarehe ya kuzaliwa na za chanjo ziandikwe bila kukisia.

3. Mweleze afisa au mhudumu wa afya kuhusu aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Kifo ni kigumu kukizungumzia, lakini kisipoandikwa, chanzo chake hakitatafutwa.

4. Mwombe anayekuhoji akuonyeshe kitambulisho cha kazi kabla ya kujibu, na umuulize majibu yatakwenda wapi.

5. Ukiona kosa katika rekodi yako, omba lirekebishwe papo hapo. Ni haki yako, na huenda matibabu yako ya kesho yakategemea rekodi hiyo.