Doa Jeusi Unyayoni: Kwa Nini Daktari Hupapasa Kinena

Melanoma ni saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Kwetu sisi watu weusi, mara nyingi hutokea unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na wengi hudhani ni jeraha la mwiba. Ya Bob Marley, aliyefariki 1981 akiwa na miaka 36, ilianzia kidole gumba cha mguu.

Sasa umeonyesha unyayo, mbona daktari anapapasa kinena? Seli zinazotoroka kwenye doa husafiri na maji ya limfu na kunaswa kwanza katika tezi za karibu: za mguu ziko kinenani, za mkono kwapani. Saratani ikikutwa humo, hatari ya kuenea mwilini huwa kubwa zaidi, na matibabu hubadilika. Vidole pekee havitoshi. Doa likizidi unene wa milimita 1, wataalamu hupendekeza tezi ya kwanza itolewe na kuchunguzwa kwa hadubini.

Si kila mtoki ni saratani. Hata kidonda cha kawaida huuleta. Lakini mtoki mgumu usiouma, pamoja na doa linalokua, usiukande wala kuupaka dawa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya hospitali kuu ya kaunti, Kakamega, ili kipande cha doa kikatwe na kupimwa.