SOMO LA AFYA: KISUKARI, SONONA NA VITAMINI D

Mwanachama aliyezoea kuhudhuria kila mkutano huanza kukosa. Mazao yake huchelewa kufika ghalani, na akiulizwa hujibu kwamba amechoka. Ikiwa mwanachama huyo ana kisukari cha aina ya pili, katibu asiharakishe kumwita mvivu. Wenye kisukari hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, takriban mara mbili zaidi ya watu wengine. Mwenye sonona huacha kumeza dawa kwa utaratibu, hajali chakula chake, na sukari hupanda katika damu.

Wako wanaodai kwamba tiba ya hali hiyo ni vidonge vya vitamini D. Yafaa wanachama walielewe jambo hili kabla ya kutoa fedha zao.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua. Hupatikana pia katika samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai. Kazi yake kubwa ni kuimarisha mifupa. Ni kweli kwamba chunguzi kadhaa zimeona kuwa wenye kisukari walio na sonona mara nyingi wana upungufu wa vitamini hiyo. Lakini mkaguzi akikuta fedha zimepungua sandukuni na magunia yamepungua ghalani, hasemi kwamba upungufu mmoja umeleta mwingine mpaka afuate stakabadhi. Mwenye sonona hujifungia ndani, asipate jua. Unene uliozidi, ambao wenye kisukari wengi wanao, nao hupunguza vitamini hiyo katika damu.

Nchini Marekani jambo hili lilipimwa kwa watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 au zaidi, ambao hawakuwa na sonona wakati wa kuanza. Nusu walipewa vitamini D yuniti 2,000 kila siku, na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa miaka mitano hivi. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba vitamini hiyo haikuwakinga na sonona. Majaribio yaliyowahusu wenye kisukari peke yao yamekuwa madogo. Baadhi yalionyesha nafuu, lakini hayatoshi kukata shauri.

Basi, mwenye upungufu uliothibitishwa kwa kipimo cha damu atibiwe na daktari. Asijinunulie vidonge ovyo, kwani vikizidi huongeza madini ya chokaa katika damu na kudhuru figo, ambazo kisukari chenyewe huzihatarisha. Wala asiache dawa zake za kisukari. Sonona ina matibabu yake: ushauri na dawa za hospitali. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu majuma mawili, mgonjwa apelekwe kwa mganga bila kungoja.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini upungufu wa vitamini D si ushahidi kwamba ndio ulioleta sonona?
2. Katika chama chenu, ni nani humtembelea mwanachama aliyekosa mikutano miwili mfululizo?