SOMO: SIKU YA KAZI KATIKA SHAMBA LA VIJANA

Kusoma kwanza: Nehemia 2:11-18, sura ya 3 yote, 4:10-23, sura ya 5, 6:15.

Kusudi la somo: kila kikundi cha vijana wakulima kijue namna ya kuwaita wandugu na majirani kwa kazi ya siku moja, bila kuwapotezea wakati na bila kuwakosea.



Vijana wengi wa vikundi vya kilimo wanatuuliza neno moja: "Tunataka kuita kanisa na kijiji kizima waje kutusaidia siku moja shambani. Tufanye namna gani?" Swali ni zuri. Lakini mbele ya kujibu, tuungame kosa letu sisi wenyewe.

1. KOSA LETU

Mwaka wa kwanza tulitangaza siku ya Mungu, baada ya ibada, kwamba siku ya posho itakayofuata wote waje kupanda mihogo katika shamba la vijana. Watu walifika wengi, na mama wengine walibeba watoto mgongoni. Tuliimba, tukaomba, kisha tukaanza kutazamana. Majembe yalikuwa tisa tu. Hakuna mtu aliyekuwa amepima shamba. Miti ya mihogo ilikuwa imelala juani siku tano, na mingine ilitoka katika shamba lenye ugonjwa. Maji ya kunywa yalikuwa bidoni moja. Wazee walisimama, wakangoja, na mbele ya jua kufika katikati wengi walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani.

Mama mjane mmoja alitukaribia, akasema kwa upole: "Wanangu, mvua hii imenikuta nimeacha shamba langu, nimekuja kusimama hapa." Hatukuwa na jibu. Mvua ya kupanda haimngoji mtu, na siku moja ya mjane ni chakula cha watoto wake. Tangu siku ile tunafundisha hivi: kuita watu kazini bila kutayarisha ni kuwaibia siku yao. Mtu asijifiche nyuma ya maombi. Tuliomba vizuri siku ile, lakini hatukuhesabu majembe.

2. KWA NINI WENGINE WANAKAWIA KUITIKA

Tusiwahukumu upesi wandugu wasiokuja. Nchi yetu ina kumbukumbu ya jembe la lazima. Tangu mwaka wa 1917 serikali ya Wabeleji iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe, kama vile pamba, na aliyekataa aliadhibiwa. Wakati wa Zaire ikaja salongo. Jina lilikuwa la kazi ya wote kwa faida ya wote, lakini mahali pengi watu walikwenda kwa sababu ya woga. Kwa hiyo mzee akisikia neno "kazi ya pamoja", anauliza moyoni: "Ni kazi ya nani? Nani atakula?"

Swali lake ni la haki, na ni lazima lijibiwe mbele ya siku yenyewe, kwa maneno wazi. Kazi ya kujitolea haina orodha ya wasiokuja. Haina faini. Haina maneno ya kumwaibisha mtu katika ibada. Anayekuja tunamshukuru, asiyekuja anabaki ndugu yetu.

3. TUNAJIFUNZA NINI KWA NEHEMIA

Nehemia hakuwaita watu siku ya kwanza. Alikaa Yerusalemu siku tatu, kisha akatoka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka ukuta, akaona penye kubomoka na penye kuungua. Baada ya kuona ndipo alipowaambia watu. Basi, hata kama ndugu ameonyeshwa siku ya kazi katika maono, bado tunakwenda kulitazama shamba kwa macho. Maono hayamkatazi mtu kupima udongo.

Katika sura ya 3, kila jamaa ilipewa sehemu yake, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hakuna aliyezunguka akiuliza: "Mimi nifanye nini?" Mstari wa 12 unataja mtu aliyejenga pamoja na binti zake, basi wasichana wasiachiwe kupika tu. Mstari wa 5 unasema wakubwa wa Tekoa walikataa kuinama kazini, lakini mstari wa 27 unaonyesha watu wa Tekoa wakijenga sehemu ya pili. Watu wadogo hawakuacha kazi kwa sababu ya kiburi cha wakubwa wao.

Tena Nehemia hakufumba macho juu ya njaa. Katika sura ya 5 maskini walilia kwa sababu ya madeni na mashamba waliyoyaweka rehani, naye akawakemea wakubwa waliowakopesha kwa riba. Yeye mwenyewe alikuwa akiwalisha watu mezani pake. Ukuta ulikwisha kwa siku 52. Kama angewajengesha watu wenye njaa na kuwanyamazia waliowanyonya, tunafikiri wangemwacha njiani.

4. UDONGO NI WA NANI?

Hili ndilo neno la kwanza kutengeneza. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, inasema udongo ni mali ya Taifa. Lakini katika vijiji vyetu shamba linapatikana mara nyingi kwa shefu wa desturi au kwa jamaa yenye shamba. Kule Bushi wazee wanajua tofauti ya kalinzi na bwasa: kalinzi inampa mtu haki ya kudumu, bwasa ni ya muda mfupi. Muhogo unakaa udongoni miezi 9 mpaka 12, hata zaidi. Ukipewa shamba la msimu mmoja tu, usipande muhogo, panda maharagwe. Usipofanya hivyo, mwenye shamba atarudi mihogo ikiwa bado midogo, na jasho la kanisa zima litakuwa kesi mbele ya kapita.

Basi vijana waende kwa mwenye shamba pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Waandike karatasi: mipaka ya shamba, muda, zao litakalopandwa, na malipo au sehemu ya mavuno atakayopata. Mashahidi watie sahihi. Aibu ya kuuliza leo ni ndogo kuliko aibu ya kung'olewa kesho.

5. KUHESABU KAZI MBELE YA KUITA

Tutoe mfano wa shamba la metre 50 kwa metre 50, yaani robo ya hekta.

a) Miti ya kupanda. Muhogo tunaupanda kwa nafasi ya metre 1 kila upande. Kwa hiyo shamba hili linataka vipande 2.500. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimetre 20 mpaka 25, chenye macho 5 mpaka 7. Mti mmoja mzuri ukitoa vipande 5, tutahitaji miti 500, na mingine kidogo ya kujaza mahali patakapokufa.

b) Afya ya miti. Chukua miti katika shamba lililofikisha miezi 8 mpaka 12. Tupa sehemu ya juu iliyo laini na ya chini iliyokuwa ngumu sana. Tazama majani mbele ya kukata: yakiwa yamejikunja, yenye madoa ya manjano, huo ni ugonjwa wa mozaiki. Unaletwa na inzi weupe wadogo, na unasafiri ndani ya vipande vyenyewe. Ukipanda mti mgonjwa, unapanda hasara. Moniteri wa kilimo akiwa karibu, aitwe kuitazama. Miti iliyokatwa isimamishwe kivulini, si juani, na isikawie kupandwa.

c) Majira. Kwetu Kivu mvua za kupanda zinarudi mwezi wa 9; wandugu wa upande wa Lubumbashi wanangoja mwisho wa mwezi wa 10 au mwezi wa 11. Siku ya kazi iwekwe baada ya mvua kushika udongo. Lakini kumbukeni yule mama mjane: ulizeni kwanza kama watu wamekwisha kupanda mashamba yao. Heri kuchelewa juma moja kuliko kumnyang'anya mtu mvua yake. Wala siku hiyo isiwekwe juu ya siku ya kufunga. Mfungo una siku yake, na jembe lina siku yake.

d) Kufyeka na kulima. Hiyo ni kazi ya vijana wenyewe, majuma mawili mbele. Wageni wakikuta shamba limelimwa, watajua kwamba kikundi hakitafuti watumwa. Siku ile waje kupanda tu.

e) Watu na vyombo. Gawa shamba sehemu tano, kila moja mistari 10. Kila sehemu iwe na watu wanane: wawili wa kamba yenye mafundo kila metre 1, wanne wa jembe, wawili wa kuweka vipande. Hao ni watu 40, majembe 20 na kamba 5. Kila kundi litapanda vipande 500. Andika jina la mwenye kila jembe, ili jioni lirudi kwake.

6. SIKU YENYEWE

Kazi ianze mapema, jua likiwa bado baridi. Maombi yawe mafupi. Mahubiri marefu yangoje siku ya Mungu. Kiongozi aseme mbele ya wote mambo matatu: shamba ni la nani, mavuno yatakwenda wapi, na kazi itakoma saa gani. Akisema itakoma katikati ya siku, ikome.

Wazee na mama wajawazito wakae kivulini kuchagua na kuhesabu vipande. Nayo ni kazi kamili. Mapanga yashikwe na watu wazima tu. Kipande kiingizwe udongoni macho yakitazama juu. Maji ya kunywa yawe safi na ya kutosha, pamoja na sabuni ya kunawa mikono mbele ya kula. Bugali na maharagwe vinatosha, hatutafuti karamu. Lakini chakula kigawanywe kwa wote pamoja, si sahani ya wakubwa na sufuria ya wadogo. Majirani wa makanisa mengine wakija, wasiulizwe dini yao mbele ya kupewa sahani.

Mwisho wa kazi vijana wawashukuru watu, warudishe vyombo vyote, na wamtembelee aliyeumia, hata kama ni kidole tu.

7. BAADA YA SIKU ILE

Shamba halivunwi kwa siku moja ya nyimbo. Baada ya majuma mawili au matatu, vijana wapite kujaza vipande visivyoota. Baada ya majuma matatu au manne palilio la kwanza lianze, na kwa miezi mitatu ya kwanza majani mabaya yasiachwe kuushinda muhogo. Maharagwe yanaweza kupandwa katikati ya mistari; yatavunwa ndani ya miezi mitatu hivi, na watu wataona tunda mapema. Sombe ichumwe kwa kiasi. Mti unaonyang'anywa majani kila siku hauzai mizizi mizuri, hata kama anayeyachuma ni mke wa kiongozi.

Mavuno yaandikwe katika daftari moja linaloonekana na wote. Panga mapema: sehemu ya mwenye shamba kama iliandikwa, sehemu ya vijana, sehemu ya wajane na wagonjwa, na miti ya kupanda kwa wale waliokuja kusaidia. Kumpa jirani miti mizima akapande kwake ni shukrani inayozaa. Mtunza sanduku asiwe ndugu wa damu wa kiongozi.

Na kuna deni moja la mwisho. Watu waliotoa siku yao kwa vijana, vijana nao watoe siku yao. Sisi tulirudi kwa yule mama mjane. Vijana kumi na wawili walikwenda kwake wakiwa na majembe yao, maji yao na chakula chao, wakamlimia na kumpandia shamba kwa asubuhi moja. Hakusema mengi. Lakini msimu uliofuata, tulipoita tena, yeye alifika wa kwanza, akiwa na jembe begani.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Nehemia alifanya nini mbele ya kuwaita watu? Sisi tumefanya nini?
2. Katika kijiji chetu, ni nani atapoteza siku yake kama hatutatayarisha vizuri?
3. Shamba letu lina karatasi? Muda wake unatosha kwa zao tunalotaka?
4. Tuna majembe mangapi leo? Hesabuni kweli, msikisie.
5. Nani atakula mavuno? Jibu letu linaweza kusomwa mbele ya kijiji kizima?

KAZI YA MWEZI HUU: kila kikundi kimtembelee mjane au mzee mmoja, kimfanyie kazi ya asubuhi moja bila kumwomba kitu. Mkikwisha kufanya hivyo, ndipo mwite wengine waje kwenu.

Mungu abariki mikono yenu na udongo wenu. Amina.