Mafunzo Niliyopata: Fuata Mishipa Mpaka Ipishane

Mimi mkunga wa Chwaka, Zanzibar, na kwa miaka mingi nimewapima wajawazito kwa ultrasaundi. Wewe unayeanza kazi hii na unataka kuiweza, nakuachia haya matatu.

1. Vyumba vinne havitoshi

Mkulima mmoja wa mwani alikuja moja kwa moja kutoka pwani, kanga ingali mbichi. Nikaona vyumba vinne vya moyo, vimelingana, vinapiga vizuri. Nikamwambia, "Mwanangu, moyo mzima huu."

Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akalia, kisha midomo ikageuka buluu. Oksijeni haikusaidia kitu. Mishipa mikubwa ilikuwa imebadilishana nafasi: aorta imetoka chumba cha kulia, mshipa wa mapafu umetoka cha kushoto. Hakumaliza wiki.

Nilichoshangaa ni kwamba tumboni hakuwa na dhiki yoyote. Oksijeni aliipata kwenye kondo la nyuma, na vipitio vya moyo wake vilikuwa wazi. Huanza kujifunga baada ya kuzaliwa. Tena, kwa kasoro hii, picha ya vyumba vinne huweza kuonekana salama kabisa. Kwa hiyo usiishie hapo. Sogeza kipimo kidogo kuelekea kichwa cha mtoto. Mishipa ikipishana, shukuru. Ikienda sambamba, mwite daktari. Mimi sikusogeza.

2. Usimgombeze anayechelewa

Moyo hutazamika vizuri wiki ya 18 hadi 22, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Wangu walikuja mwezi wa nane wa mimba, nami nikiwafokea. Mmoja akanijibu, "Bibi, nauli nitoe wapi na mwani haujakauka?" Tangu hapo nikawapangia siku za maji mafu, wasipoingia shambani baharini.

3. Sema ulichokiona

Miaka baadaye niliiona mishipa sambamba. Nikataka kusema "tutarudia." Mama mtu akanitazama: "Sema, bibi."

Nikasema. Kwamba ipo dawa, prostaglandini, inayozuia kipitio cha moyo kisijifunge mpaka mtoto apasuliwe. Kwamba hatakiwi kuzalia kijijini. Kwamba avuke mapema hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Alilia kwanza. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza boti ya asubuhi inaondoka saa ngapi.