Bibi Ameanza Kusahau: Je, Kabila Lina Lake?

Kuanzia Chidya hadi Newala, kusini mwa Tanzania, Wamakua, Wamakonde na Wayao wanaishi jirani, wanaoana na kupeleka korosho kwenye ghala moja. Mzee wa upande mmoja akianza kusahau, hakosekani mtu wa kusema, "Kabila lao ndivyo walivyo." Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi.

Kusahau kupi ni kwa kawaida?

Jina kukwama mdomoni na kuja jioni si ugonjwa. Lakini chukua bibi anayeuliza mara tatu kwa asubuhi moja kama malipo ya mnada wa korosho yameingia, na wanawe wanaona wazi kuwa mwaka jana hakuwa hivi. Kilo alizopeleka chama cha msingi cha ushirika anazijua, anajipikia, na njia ya shambani haimpotei. Hali hiyo wataalamu huiita upungufu mdogo wa utambuzi. Akifika mahali hajui tena chenji yake, anaacha sufuria ikiungua kila mara, au anapotea njia aliyoipita miaka 40, hapo huenda ni demensia, yaani ugonjwa wa kusahau.

Lazima izidi?

Hapana. Kwa wenye upungufu huo mdogo wanaofuatiliwa kwenye kliniki za wataalamu, takriban 10 hadi 15 kati ya 100 huingia kwenye demensia kila mwaka. Katika jamii ya kawaida ni wachache kuliko hao. Wengine hubaki palepale kwa miaka, na wapo wanaorudi sawa.

Basi kabila linaharakisha?

Swali hili limechunguzwa sana Marekani, ambako Wamarekani Weusi hupatikana na demensia zaidi ya Wazungu. Wengi walikimbilia kusema ni damu. Watafiti wakafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, pamoja na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, watu ambao mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kila mwaka, demensia mpya ilikuwa asilimia 1.35 Ibadan na asilimia 3.24 Indianapolis. Ingekuwa ni asili peke yake, pengo hilo lingetoka wapi? Kinachotazamwa zaidi sasa ni shinikizo la damu, kisukari, chakula, shule na namna mtu alivyoishi.

Kwetu, utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta demensia kwa takriban watu 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi. Jambo la kushtua zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba huko huko Hai karibu 7 kati ya 10 wa umri huo walikuwa na shinikizo la damu, na waliotibiwa vizuri walikuwa wachache mno. Shinikizo huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, na halichagui kabila.

Kipimo cha kumbukumbu nacho kinaweza kudanganya. Babu aliyesoma shule ya Chidya na mkewe aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970 wakipewa karatasi na kalamu, mke anaweza kuonekana mgonjwa hata kama ni mzima. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Tanzania na Nigeria walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichodai kusoma: mzee hutaja wanyama, hukumbuka maneno aliyotajiwa, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe wa jana, si na jirani wa kabila jingine.

Karogwa?

Hapana. Wala yeye si mchawi.

Tufanye nini?

Mpeleke zahanati, aandamane na mtu anayeishi naye, kwa kuwa mwenyewe hatakumbuka alichosahau. Beba dawa zote anazokunywa, pamoja na za kienyeji. Zipo zinazovuruga akili. Aombe kupimwa shinikizo, sukari, damu, macho na masikio. Mzee asiyesikia hujibu ovyo na kudhaniwa amechanganyikiwa. Sonona baada ya kufiwa, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, kaswende na VVU pia huleta usahaulifu, na vyote vina matibabu. Msimu wa mabibo ulizeni pia kuhusu pombe za uraka na gongo, bila kumwaibisha. Ikihitajika, atapewa rufaa kwenda hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Ulizeni dirisha la wazee.

Ila akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, ana homa, mdomo umepinda au mkono umelegea, msingoje siku ya kliniki. Hiyo yaweza kuwa malaria kali au kiharusi, na ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku.