Kilindi na fungu vinafanana

SWALI: Daktari, mimi ni nahodha wa mashua, Kilindoni, miaka 58, na kisukari ninacho mwaka wa tisa huu. Nikipita karibu na kisiwa cha Shungimbili nilizoea kusoma maji kwa rangi: buluu nzito ni kilindi, kijani cha kung'aa ni fungu. Siku hizi vinanichanganya, kijana wangu wa tanga ndiye ananipigia kelele. Kliniki walinionesha kitabu cha vidoadoa vyenye namba, nikazisoma zote. Nina nini?

JIBU: Shikamoo, nahodha. Kitabu hicho alikitunga Shinobu Ishihara wa Japani, mwaka 1917, kuwanasa wanaochanganya nyekundu na kijani, hasa waliozaliwa hivyo. Anayepotewa na buluu hukipita bila shida, kwa hiyo usikitegemee.

Kisukari huumiza retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Mara nyingi rangi za upande wa buluu ndizo huteleza kwanza, pengine kabla mishipa haijaonekana kuvuja. Mshukiwa wa pili ni mtoto wa jicho, ambaye huwawahi wenye sukari. Lenzi hugeuka manjano ikachuja buluu, ukawa kama unatazama bahari kupitia glasi ya chai ya rangi. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, kisha akalalamika kwamba sasa buluu imezidi!

Tandaza kanga yenye buluu na kijani mlangoni, mchana. Ziba jicho moja, kisha la pili. Rangi zikipishana, mweleze daktari ni jicho lipi. Zisipopishana, nenda vilevile.

Omba uwekewe matone ya kupanua mboni, retina itazamwe, na iwe hivyo kila mwaka. Siku hiyo usishike usukani, jua litakuumiza. Vifaa visipokuwepo, omba rufaa Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT. Mtoto wa jicho hutolewa na buluu hurudi. Retina hutibiwa kwa leza au sindano ili kuokoa uoni, ila rangi zilizokwisha potea huenda zisirudi. Ukiona ghafla madoa meusi yanaelea au kivuli kama pazia, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Tena, kama unapima mkojo kwa vijiti vya rangi, mpe mjukuu akusomee. Na kijana wa tanga akae omo.